Kimea cha Mpika Komoni

Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, halafu palepale, hujatua hata mzigo wa kichwani, akakuuliza umekula nini leo. Hakuuliza umeamkaje, wala watoto hawajambo. Ukimjibu kwamba umekula tu, hakukuachia. Alitaka kujua ulikula na mboga gani, mboga iliungwa kwa nini, na yai la kuku wako limekwenda wapi. Wageni walimwona hana adabu, mama mzima anachungulia vyungu vya watu. Mimi nami nilimwona hivyo, tena kwa miaka, maana pale Mjimwema, Songea, nyumba yake na yangu zilitengwa na ua mmoja wa michongoma, na ua wenyewe ulikuwa na tundu.

Jina lake naliacha. Watu wote walimwita mpika komoni, naye aliitika. Ukoo wake waulizwe wanaoujua. Mimi nilipohamia pale na marehemu mume wangu nilimkuta yupo, na moshi wake upo. Wala mimi si mtu wa kusifia watu. Darasa langu ni la nne, nikaolewa, nikalima. Nikisema jambo ni kwa sababu nililiona kwa macho yangu au nililikosea kwa mikono yangu, na haya ya mpika komoni mengi niliyakosea kwanza.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Nyuma ya nyumba alikuwa na kilabu, kibanda cha nyasi chenye viti vya udongo, na mapipa mawili ya kupikia. Wanaume walitoka sokoni, wengine walishuka kwenye malori ya mahindi, wakaja kukaa hapo. Komoni ni pombe ya mahindi, nayo haiwi pombe bila kimea, na kimea chake kilijulikana mpaka mitaa ya mbali. Aliloweka ulezi, akaumwaga juu ya gunia lililolowa, akaufunika kwa majani ya mgomba, akaunyunyizia maji asubuhi na jioni kama mwenye bustani. Siku ya tatu ulikuwa umetoa vijimizizi vyeupe. Hapo aliuanika mpaka ukauke kabisa, akausugua vijimizizi vitoke, akausaga. Akiona ukungu, hata upande mmoja tu, alimwaga gunia zima shimoni na kulifukia, kuku wasije wakadonoa. Nilimwuliza siku moja kwa nini asichague palipo pazuri. Akasema ukungu ni kama umbeya wa mtaani kwetu, ukiuona kwenye nyumba moja ujue zote zimeshapata.

Pombe yake hakuinywa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni, akasema tayari au bado. Na wanywaji wake aliwatukana kuliko sisi tuliokuwa tunawasema kanisani. Alimwambia mtu mzima mbele ya wenzake kwamba mke wake anachuma majani ya maboga bila chumvi huku yeye anakaa hapa na mdomo wenye povu. Walicheka, wakanywa, kesho wakarudi. Sikuelewa mtu gani anakaribisha wateja kwa matusi.

Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hilo lina sababu, na sababu ni mimi. Siku moja nilimwambia kwa niaba ya akina mama wa parokia kwamba kanga zake zinanuka komoni na watu wanashindwa kusali. Alihamia nyuma, akakaa huko, na Jumatatu asubuhi akaniuliza kupitia tundu la ua, umekula nini leo, kama kawaida yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa soda, biskuti, makopo ya kila rangi. Malori yalikuja mpaka kwenye mashamba kununua mahindi na maharage na karanga, mchana kweupe, bila kujificha kama zamani. Tulifurahi, kusema ukweli. Mtu aliuza, akanunua bati, akanunua nguo za mitumba nzuri. Mpika komoni peke yake ndiye aliyesimama njiani mikono kiunoni akiangalia magunia yanavyopanda, akihesabu kwa sauti: hilo uji wa watoto wa fulani, lile mboga za fulani. Watu walisema anaona wivu kwa kuwa wanunuzi wa mjini hawanywi komoni yake.

Na ilikuwa miaka ya ule ugonjwa. Tuliuita ugonjwa huu wetu, au hatukuuita kabisa. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, mwanywaji wake wa siku nyingi, akaanza kukonda na kukohoa. Jioni moja mpika komoni alimpokonya kopo mkononi mbele ya kilabu kizima, akamwambia kwamba hapa kwangu hunywi tena, ondoka. Yule baba aliinama. Mtaa mzima ukasema umeona, hata mpika pombe amemtenga. Na mimi nilisema. Kumbe alimwambia aondoke kwa mlango wa mbele ili aingie kwa mlango wa jikoni. Nilikuja kuwaona kwa tundu la ua: wamekaa chini wawili, ugali, usipa, wale dagaa wa Nyasa, uliopikwa na vichwa vyake katika karanga, parachichi limekatwa nusu kwa nusu, mikono yote kwenye sahani moja. Kila jioni. Wakasema basi anamtaka. Yule fundi alikufa, sitaki kudanganya mtu. Lakini alikufa baada ya masika mawili, na wiki ile ya mwisho bado alikuwa anaziba pancha.

Alikuwa na namna yake ya kupima watu. Alikushika mkono juu ya kiwiko, kidole gumba huku na cha kati huku, akaangalia vidole vyake vinafikiana wapi. Mizani hakuwa nayo wala hakuitaka. Watoto wa mtaani walikuwa wanampelekea mikono wenyewe, wanacheka, naye anawaambia wewe bado, wewe umezidi, kaka yako anakula sehemu yako.

Sasa nije kwangu.

Nina binti mmoja aliyebaki, Skolastika. Aliolewa upande wa Namtumbo, kwa walima tumbaku. Mume wake alikufa, na baada ya arobaini wakwe wakasema aje kwetu apumzike kidogo. Alikuja na begi moja na hakuna aliyemfuata. Alikuwa ananing'inia ndani ya gauni kama limeanikwa. Tulikwenda hospitali, wakampima, wakatuambia. Vidonge vya leo havikuwapo kwetu wakati huo. Walitupa dawa za homa na za kinywa, wakatuambia aishi kwa matumaini, tena ale vizuri.

Ale vizuri. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma. Kwangu kula vizuri kulikuwa kula vya dukani, vile wanavyokula wenye nafasi. Basi kila kuku akitaga, nilichukua yai nikaenda kuliuza, nikarudi na soda. Karanga za shamba langu zote nilizipandisha lori, nikanunua biskuti na kopo la unga wa glukosi. Skola alikunywa soda, akabeua, akashukuru. Nilimwona ameshukuru nikaridhika. Uji nilimpikia mwepesi kabisa, kwa sababu kinywa kilikuwa na vidonda na mzito haukupita.

Halafu nikafanya la pili, ambalo padri hakulijua mpaka nilipoungama. Nilikwenda kwa mganga. Akanipa mizizi, na pamoja na mizizi akanipa miiko: mgonjwa asile mayai, asile karanga, asile samaki wala dagaa, asitie mafuta. Nilifuata yote, maana nilishaviuza hata hivyo.

La tatu ndilo baya. Nilichukua sahani moja ya bati, nikachora msalaba kwa msumari chini ya kitako chake, ili nikiosha vyombo niijue ya Skola isichanganyike. Kikombe chake nacho nilikiweka peke yake juu ya dirisha. Hakuna aliyenifundisha. Kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na sahani yake yenye alama, ama kwa msumari ama kwa rangi ya kucha, na hatukuambizana.

Miezi ikapita namna hiyo. Asubuhi moja nakoroga uji, mpika komoni akaingia kwa tundu la ua bila hodi. Akachungulia sufuria, akachukua mwiko mkononi mwangu, akauinua. Uji ukachuruzika.

"Huu wa nani?"

Nikamwambia wa mgonjwa.

"Mdogo wangu, haya ni maji ya kuoshea sufuria."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mzito haumezi, na kwamba mambo ya nyumbani kwangu yananitosha. Alipita ndani, akakaa mkekani kwa Skola, akamwamkua vizuri, akamshika mkono. Vidole vyake vikakutana, vikapitana, gumba likafika kwenye kiungo cha katikati cha kile kingine. Nilikuwa mlangoni, niliona. Akamwuliza umekula nini leo, mwanangu. Skola akasema soda. Jana? Soda na biskuti. Na yai? Skola akaniangalia, akasema mayai ni mwiko, mganga amekataza.

"Mganga yupi?" akauliza, na nilipomtaja alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule? Jana tu amekula kwangu usipa bakuli zima na mayai mawili juu yake. Labda miiko yake ni ya wateja."

Hata Skola alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Lakini mpika komoni alikuwa ameshaokota sahani pale chini, akaigeuza, kama alivyogeuza kila chombo kuona kimeoshwaje. Akauona msalaba. Akapitisha kidole juu yake.

"Mama Skola. Msalaba huu ni wa kusalia au wa kukwepea?"

Nikasema ni alama tu, sahani isipotee.

"Naijua, mama mkubwa," Skola akasema, taratibu, wala si kwa hasira. "Nilishaiona siku nyingi."

Nimezaa watoto watano na kuzika wanne. Sikumbuki siku nyingine niliyotamani ardhi inifunike kama ile. Nilitoka nikaenda kuchuma mboga ambazo sikuzihitaji.

Nilidhani hatarudi. Kesho yake alipitia tundu lilelile, na mafungu mawili kwenye kanga: karanga za kusaga, na unga wa kahawia kidogo, wa kujaa kiganja. Akabandika sufuria yangu kwenye mafiga yangu, akapika uji mzito mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Akatia karanga, ukazidi. Nikamwambia huyu hawezi kumeza hiki, si nilikwambia. Akaepua, akasubiri, akatia kidole mpaka joto likavumilika. Kisha akachota kijiko kimoja cha ule unga wa kahawia, akanyunyiza, akakoroga. Mbele ya macho yangu, bila kuongeza tone la maji, ule uji ukalegea. Mwiko ukalala. Akaendelea kukoroga, ukawa mwepesi kama ule wangu wa jana, unanyweka.

Nilifanya ishara ya msalaba. Nasema ukweli, nilidhani nimeona uchawi.

"Usijisumbue," akasema. "Huu ni ulezi tu. Ulevi wote ule nimepika miaka, hujajiuliza ugali unageukaje kuwa kinywaji? Kimea ndicho kinaulegeza. Hapa chakula cha bakuli tatu kimeingia bakuli moja."

Nikasema kimea ni pombe, na pombe kwa mgonjwa ni sumu, tena wewe mwenyewe ulimfukuza fundi baiskeli.

"Pombe ni kimea kilichosahauliwa siku nne. Hiki sijakisahau."

Akaurudisha motoni uchemke tena, akasema kimea kimelala kwenye gunia, kimepitiwa na mikono na nzi, lazima moto ukipitie kabla ya mgonjwa. Akamimina kwenye kikombe. Kikombe kilekile cha dirishani. Akanywa yeye kwanza, kinywa kizima, akajifuta kwa nyuma ya mkono, akampa Skola. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha pili mkononi, nimeshakiandaa kwa ajili yake, safi. Nilibaki nacho.

Skola alimaliza. Kikombe kizima, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Bado sikumwamini, moyo wangu ni mgumu. Nilikwenda kwa sista muuguzi aliyekuwa akitembelea wagonjwa parokiani kwetu, na nilikwenda nikitumaini atakataza. Nilimweleza yote, mpaka habari ya kilabu. Sista alitoa daftari mfukoni. Akauliza analoweka muda gani, anaotesha siku ngapi, vijimizizi anavitoa au haviondoi. Sikujua. Akasema basi nipeleke.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, niliyemhamishia mwenzangu benchi la mwisho, niliingia kilabuni saa mbili asubuhi nikiangalia nyuma kama mwizi, na sista mbele yangu. Baada ya hapo walikuja wengine. Kila Jumatano kabla wanywaji hawajaamka, viti vile vya udongo vilikaliwa na akina mama wenye wagonjwa, wengine wagonjwa wenyewe, wamefunika nyuso kwa kanga. Mpika komoni aliwafundisha kwa matusi yaleyale. Ule kidogo, ule mara nyingi, usingoje njaa ikuite maana huyu mgonjwa njaa yake imekufa, wewe ndiye saa yake. Karanga zipondwe ziingie kwenye kila mboga. Yai asile mume peke yake. Usipa utwangwe na vichwa. Papai na parachichi vinaanguka chini ya miti yenu nguruwe wanakula, na ninyi mnapanga foleni ya soda. Maji yachemshwe, mikono ioshwe. Kinywa kikiwa na vidonda pilipili ikae mbali. Na pombe, akawaonyesha mapipa yake kwa mwiko, pombe hiyo hapo, ni ya wajinga wazima, mgonjwa nikimwona nayo nampiga.

Mama mmoja wa Kiislamu kutoka mtaa wa pili alimwuliza kama kimea hiki ni halali. Akamwambia nenda kamwulize shehe, na umpelekee kikombe aonje. Yule mama alirudi akasema shehe amemaliza kikombe, ndipo akajibu.

Lakini ukimwambia kwamba anatibu, hapo ulimkosea kweli. Alikuja mtu na mbuzi, anamkokota kutoka mbali, kasikia kuna mwanamke Songea anaponya ule ugonjwa kwa uji. Alimrudisha na mbuzi wake. Alimwambia mchinjie mgonjwa wako, mchuzi anywe, kisha mpeleke hospitali. Mimi nilikuwepo nikamwambia kwa nini umemvunja moyo.

Akasema, "Mimi sitibu. Chakula hakiui mdudu. Chakula kinamshika mtu asianguke wakati anasubiri."

Nikamwuliza anasubiri nini.

"Sijui. Lakini anayesubiri ameshiba atangoja zaidi ya anayesubiri na njaa."

Basi tukasubiri. Siyo kwamba sikukosea tena. Siku moja nilibakiza uji wa kimea wa asubuhi nikampa kesho yake, kuokoa kuni. Ulikuwa umechacha, ukamchoma vidonda, ukamharisha siku mbili. Nilimtarajia mpika komoni anitukane. Alisema neno moja tu, umekisahau, na hilo liliniuma kuliko tusi. Skola akakohoa wiki tatu mfululizo, na ni mpika komoni aliyetutoa ndani, akasema huyu haponi kwa karanga, twende. Ikawa kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi mingi, zikamtapisha akizinywa na tumbo tupu; mpika komoni akaja kila alfajiri ya wiki zile za kwanza na kikombe cha uji, akasimama mpaka kidonge kipite. Na kila Jumamosi alipima. Gumba lilianza kurudi nyuma. Kutoka kiungo cha katikati likaja kwenye kucha. Masika yalipoanza, ncha za vidole zilikuwa zinagusana tu, na Skola alikuwa anapalilia maboga.

Sahani nilimpa mimi mwenyewe aamue. Nilitaka kuitupa. Alisema usiitupe, mama, ule wewe humo. Hadi leo nakula humo. Mchoro haujafutika.

Karanga za mwaka uliofuata hazikupanda lori. Watu wa lori walikuja mpaka mlangoni, nikawaambia zina mwenyewe.

Mpika komoni alizeeka ghafla. Miguu ilivimba, mapipa yakamshinda, vijana wakapenda bia za chupa. Akafunga kilabu, na mtoto wa kaka yake akaja kumchukua, wakaenda kuishi upande wa Hanga, wanakolima. Siku ya kuondoka aliniachia kibuyu cha kimea na hakunipa mkono; alisema kwaheri kupitia tundu la ua, kama mtu anayeazima moto. Jumapili iliyofuata nilikwenda nikakaa benchi la mwisho. Sijui kwa nini nilichelewa hivyo. Angekuwepo, ningemkera.

Halafu vile vidonge vya leo vikaja. Tulikuwa tumesubiri miaka, na wengi wa Jumatano hawakufika, nawajua mmoja mmoja. Skola alifika. Muuguzi aliyemwanzishia alimpandisha kwenye mizani, akauliza amekuwa akila nini miaka yote hii. Skola akacheka, akasema swali hilo amelizoea.

Tulikwenda kumwona mpika komoni baada ya mavuno, mimi na Skola, na mzigo wa karanga na usipa. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba juu ya kigoda, mwembamba kuliko nilivyomwacha, macho yameingia ukungu. Tulimwamkia. Akaitikia, akatega sikio. Akanijua kwa sauti.

"Mama Skola. Umekuja na nani, huyu mnene?"

Skola akapiga magoti mbele yake. "Ni mimi, mama mkubwa. Skola."

"Usinitanie. Skola wangu mwembamba." Akageuka kwangu, na uso wake ukawa na hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Mdogo wangu, niambie tu. Skola yuko wapi?"

Skola alikunja mkono wa gauni, akauchukua ule mkono wenye makovu, akauweka juu ya kiwiko chake. Vidole vikazunguka. Gumba huku, cha kati huku. Vikafika mwisho wake na havikukutana. Akavivuta, akajaribu tena, akabana. Havikukutana. Kati yake ungeweza kupitisha vidole viwili vingine. Alikaa hivyo, ameshika, muda mrefu, na midomo yake ikawa inacheza. Sijui alikuwa anasali au anahesabu.

"Ni Skola wangu. Sikumsahau," akasema mwisho.

Kisha bila kuambiwa akapapasa upande wangu, akapata mkono wangu juu ya kiwiko. Mimi nimekuwa mzee pia, nyama zimeniisha. Vidole vyake vikakutana mara moja, vikapitana.

"Na wewe? Umekula nini leo?"

Nikamwambia nimekula. Tulitoka nyumbani alfajiri, sikuwa nimetia kitu mdomoni.

"Mwongo," akasema, akamwita mke wa mtoto wa kaka yake alete uji. Ukaja ndani ya kikombe kimoja kikubwa cha bati, moto, mwepesi, wenye rangi ya karanga. Alikunywa yeye kwanza, akajifuta kwa nyuma ya mkono. Akampa Skola, akanywa. Skola akanipa mimi. Sikukizungusha kikombe kutafuta upande mwingine. Niliweka mdomo palepale mwanangu alipotoa wake, nikamaliza.